Kinu Kilichohamia Kichwani

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, kabla majirani hawajawasimulia. Mwezi wa tatu baada ya kustaafu nilimshitaki jirani yangu kwa sababu ya friji.

Jirani huyo ni Mama Ngoie, mjane anayeuza munkoyo baridi, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Ana friji kubwa la kulala, refu kama jeneza, na limesimama upande wa pili wa ukuta wa sebule yangu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka barabara kununua mkate najiona nimesafiri. Kwa hiyo nilipostaafu nilivuta kiti mpaka penye ukuta ule, nikanyoosha miguu, nikasema sasa ni zamu ya kusikiliza kimya. Kimya hakikuja. Kulikuja mvumo, mzito kwa chini, na juu yake kitu chembamba kama waya wa umeme unaolia. Asubuhi upo, mchana upo. Nilivumilia mpaka mwezi wa tatu, halafu niliandika barua ya kurasa mbili kwa shefu wa avenue yetu, yaani mkuu wa mtaa. Nimemaliza sekondari, na nilitaka barua ijulikane hivyo: ilikuwa na "kwa hiyo" sita.

Shefu alikuja baada ya chakula cha mchana. Nilitangulia mbele kama wakili. Mama Ngoie hakubisha. Alinyanyua mfuniko wa friji, akasema:

"Tata Ilunga, ingiza mukono."

Nikaingiza. Niligusa vitenge vilivyokunjwa vizuri, na chini yake mfuko wa unga.

"Ile friji ilikufa tangu mwaka jana," akasema. "Ni kabati yangu. Munkoyo napozesha kwa dada yangu. Sasa weye unasikia friji gani?"

Shefu alinitazama. Nami, badala ya kuomba radhi, nilisimama pale mkono ungali ndani ya vitenge, nikawauliza: "Lakini inalia! Hamusikie?"

Berthe, mke wangu, alikuwa amenifuata mpaka mlangoni. Alifunika mdomo kwa kitambaa cha kichwa akacheka mpaka akakaa chini penye ngazi. Ndivyo nilivyojua kwamba mvumo ule haukuwa wa Mama Ngoie. Ulikuwa wangu, na nilikuwa nimeujenga mwenyewe, kwa bidii, kwa miaka mingi, tena kwa kusifiwa.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia sasa katika viwanda vya shaba na kobalti, huku Kolwezi na kule Fungurume. Sitaki huruma. Nataka mjue kazi yetu ilivyofanywa, na jinsi ilivyobaki kidogo tu inipokonye kitu nilichokipenda kuliko kazi yenyewe, yaani sauti ya yule mama aliyekaa kwenye ngazi akicheka.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mtu aliyemaliza sekondari aliamini ataketi mezani. Walinipeleka kwenye jumba la vinu. Kabla ya kuingia nilisikia sakafu ikitetemeka ndani ya meno yangu. Kapita wetu, mkuu wa kikosi, aliitwa Kalala, mtu mfupi wa kifua kipana. Alinisemesha, nikaona mdomo tu unafunguka na kufungika. Nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Akacheka, akanivuta nje kwa mkono wa shati jeupe, ambalo kuanzia hapo halikuwa jeupe tena.

"Nilikuuliza jina," akasema. "Unaitikia tu. Weye ulisoma?"

"Nilisoma, tata."

"Ulisoma kusikiliza?"

"Ile hawafundishe."

"Basi haukusoma."

Kinu chetu, ambacho Wafaransa wanakiita broyeur, kilikuwa pipa la chuma linalolala ubavu na kuzunguka, kubwa kuliko nyumba yangu. Ndani mlikuwa na mipira ya chuma iliyotoshana na ngumi. Mawe yenye shaba yaliingia kwa upande mmoja pamoja na maji, mipira ikapanda na kuanguka, ikayaponda, na upande wa pili ukatoka uji mweusi. Uji ule ulikwenda kwenye matangi ya mapovu, shaba ikapanda juu na povu na taka ikazama. Mengine yote yalikuwa na mabomba na vipimo. Kinu kilikuwa na masikio ya watu.

Huo ndio ufundi ambao haupo tena. Ndani ya pipa hakuna anayeona. Ulijua kinu kinaendeleaje kwa sauti yake. Kikiwa na njaa, mipira inapiga chuma kitupu na kelele inakuwa kali kama sahani zinazovunjika. Kikila vizuri, kinanguruma kwa pamoja, kama mvua kubwa juu ya mabati mengi. Kikijazwa kupita kiasi, sauti inazama. Inakuwa ya mtu anayeongea na mdomo umejaa bukari, ugali wetu, halafu inafifia, halafu hakuna. Mgeni akisikia hivyo anafurahi kwamba kelele imepungua. Kalala alinifundisha kinyume chake siku hiyohiyo ya kwanza, akanipigia kelele sikioni:

"Ikilia, usiogope! Ikinyamaza, kimbia!"

Alinipa pia fimbo yake ya kusikilizia. Ilikuwa kipande cha mti mgumu, urefu wa mkono. Unaweka ncha moja kwenye fani, kile kiti cha chuma kinachobeba mhimili wa kinu, na ncha ya pili kwenye mfupa nyuma ya sikio. Hapo unasikia tumbo lote. Baada ya miezi sita niliweza kukaa kantini, kijiko mdomoni, nikasema: "Namba tatu iko na njaa." Wenzangu wanakimbia, wanakuta ni kweli. Sijawahi kuwa mtu mkubwa mahali popote isipokuwa pale, na kijiko kile.

Tulipotoka zamu, masikio yalibaki yakivuma. Tuliita kubeba kinu nyumbani. Wake zetu walikuwa na salamu yao ya mlangoni, si habari wala pole. Walisema: "Umeileta?" Tukajibu: "Nimeileta." Maana yake subiri kwanza, usiniulize kitu, sitakusikia mpaka nioge na nile. Berthe alikuwa bado mchumba wangu alipoianza salamu hiyo, na watu wakajua kwamba ameamua kuolewa na mtu wa vinu. Asubuhi mvumo ulikuwa umekwisha. Tulidhani umelala. Kumbe hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na ilikuwa ikitupigia mlango kila siku.

Muuguzi wa dispansari ya kampuni alituambia. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Sikio likivuma baada ya kelele, limeumia," alisema. "Likinyamaza kesho yake, limesamehe. Lakini sikio lina hesabu ya mara litakazosamehe." Tulimsikiliza kwa heshima, tukarudi kwenye kinu. Ukweli ni kwamba nusu ya maneno yake hatukuyasikia.

Halafu alikuja mhandisi mkuu wa jumba la vinu, na sanduku la kofia za masikio, yale mavikombe mawili yanayoshikana kwa utepe juu ya kichwa. Amri ilikuwa moja: anayeingia bila kofia anarudi nyumbani. Nilivaa. Kinu kikatoweka. Nilikiona kinazunguka, lakini kilikuwa kama mtu anayeniongelesha nyuma ya kioo. Siku ya pili kilishiba kupita kiasi, nami nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka pale, sikujua. Tulizima, tukakaa zamu nzima kutoa mawe kwa koleo. Kalala, ambaye nywele zake zilikuwa nyeupe kwa wakati huo, hakunitukana. Aliniambia tu: "Kumbe na weye haukusoma."

Jioni ile, kwenye meza ambayo Berthe alikuwa anachambulia sombe ya majani ya muhogo, nilichukua msumari na nyundo, nikatoboa kila kikombe matundu manne.

"Unafanya nini?" Berthe aliuliza.

"Natengeneza."

"Kitu kizima unakitengeneza kwa misumari?"

Nikamweleza kwamba mhandisi anataka kuona kofia na kinu kinataka kusikiwa, na mimi nimepata njia ya kuwaridhisha wote wawili. Alirudi kwenye sombe yake. Akasema, "Eh, weye una akili," kwa namna ambayo leo naielewa zaidi kuliko siku ile.

Mwaka huohuo kontremetre, aliyekuwa juu ya makapita wote, alinitaja kwenye mkutano wa asubuhi kuwa mfano wa usalama: Ilunga haivui kofia hata kantini. Walinipiga picha, wakaibandika kwenye ubao wa matangazo. Ukiitazama kwa karibu unaona matundu. Hakuna aliyeitazama kwa karibu. Nilipita mbele ya picha ile kila asubuhi, na sikujua kwamba ninayapungia mkono masikio yangu yanayoondoka.

Mara moja tu walinihamisha. Walinipeleka Fungurume kwa msimu mmoja, kwenye kiwanda kipya cha watu wengine waliotuazima. Niliaga nyumbani kana kwamba naelekea Ulaya. Berthe alinifungia ndakala wakavu, dagaa wetu, wa kutosha kijiji, na Fungurume ni mji uliojaa ndakala. Kule walinikalisha kwenye chumba cha kioo, chenye ubaridi, mbele ya skrini. Kinu kilikuwa mstari wa kijani. Kikiwa na njaa mstari unapanda, kikishiba unashuka. Nilimuuliza mkuu wa chumba kama naweza kutoka kwenda kukisikiliza kidogo.

"Papa," akasema, "ku écran tunaona yote."

Alikuwa sahihi. Mstari haukukosea hata mara moja. Watu wale walistaafu, au watastaafu, na masikio yao. Lakini nilikaa pale msimu mzima kama mtu aliyealikwa arusi akaonyeshwa picha za chakula.

Niliporudi Kolwezi, kinu chetu kilikuwa kimebakiza muda mfupi. Mawe yalikwisha, au fedha, au vyote. Watu wa ofisini walitupa sababu tofauti kila juma. Siku ya kukizima niliomba nishike fimbo. Nilisikiliza mipira ikianguka, ikichelewa, ikianguka mmoja mmoja. Wa mwisho uliviringika peke yake, ukapata mahali pake. Nilibaki na fimbo sikioni muda mrefu baada ya hapo. Kontremetre alidhani naomba. Baadaye walikuja watu wa moto wa gesi wakakikata vipande, kikapakiwa kwenye malori kama mitraille, yaani vyuma chakavu. Nilistaafu mwezi uleule. Na hapo, ukutani kwa Mama Ngoie, kikaanza tena.

Baada ya aibu ya friji Berthe alinipeleka kwa daktari wa masikio, bibi mmoja kijana kutoka Lubumbashi anayekuja hospitali yetu mara moja kwa mwezi. Kwenye benchi nilimkuta mwenzangu wa zamani, Tshibanda, aliyekuwa dereva wa treni ya mawe. Tulisalimiana kwa kelele hata muuguzi akafunga mlango.

"Weye unabeba nini?" akaniuliza.

"Broyeur. Na weye?"

"Mi niko na filimbi. Moja tu, ya juu. Sikio la kushoto." Akajigusa kifua. "Lakini juma hili kuna ingine. Inapiga tu-tu-tu, pamoja na moyo."

Nilimwonea wivu kidogo, yeye ana mbili. Daktari hakumwonea wivu. Alipomsikia, alimpima shinikizo la damu palepale, akamwandikia karatasi ya kwenda siku hiyohiyo kwa daktari wa moyo na mishipa. Baadaye alinieleza sababu, na ninawaandikia kama nilivyoelewa.

Mlio wa masikio, kwa Kifaransa wanauita acouphène, si ugonjwa wenyewe. Ni dalili, kama kikohozi. Wengi wetu tuna ule ambao mwenyewe tu anausikia; mwingine hata abandike sikio lake kwenye lako, kwake ni kimya. Kwa mmoja unakuwa filimbi, kwa mwingine nyenje wa porini, mvuke wa birika, mngurumo. Watu wachache sana wana ule ambao hata daktari anausikia akiweka kipimo chake shingoni, kwa sababu kweli kuna kitu kinachotoa sauti mle ndani, mshipa wa damu au msuli unaorukaruka. Ule unaopiga pamoja na moyo usiukalie nyumbani. Hali kadhalika ule wa sikio moja tu, au unaokuja na kizunguzungu, au sikio likiziba ghafla kwa siku moja: hapo unakwenda hospitali leo, si baada ya mazishi ya shangazi. Upo pia unaobadilika ukiuma meno au ukigeuza shingo, huo unatoka kwenye taya au misuli. Upo wa nta iliyojaa, huo ni bahati, unaoshwa unakwisha. Na upo ule ambao sote tunaujua hapa tangu utoto, wa kwinini, kichwa kinapolia kama kengele siku za malaria. Dawa ikimalizika kwa kawaida nao unakwenda. Aspirini nyingi inaweza kuuleta vilevile.

"Na wangu?" nikauliza.

Aliniweka ndani ya kibanda kilichofungwa, akanivika vikombe masikioni (hivi havikuwa na matundu), akanipa kitufe. Kila nikisikia mlio, nibonyeze. Nilibonyeza. Nikabonyeza tena. Nilikuwa nafanya vizuri sana. Mlango ukafunguka.

"Papa," akasema, "sijaanza bado."

Alipoanza kweli, sauti za chini nilizipata. Za juu hazikuwepo. Alinionyesha mstari kwenye karatasi, unakwenda vizuri halafu unaanguka kama gari lililokosa daraja. Pale unapoanguka, alisema, ndipo zilipo sauti za ndege, za watoto na za wanawake. Ndipo zilipo pia herufi zinazotenganisha neno na neno, kwa hiyo nasikia kwamba mtu anaongea bila kusikia anachosema.

Nilimwomba aweke kipimo chake shingoni mwangu. Alisikiliza upande huu na upande ule. Nilimtazama usoni, nikitumaini.

"Hakuna kitu, papa. Ni wako peke yako."

Sijui kama aliona jinsi nilivyohuzunika. Nilikuwa nimetamani mtu mmoja tu akisikie nami. Nikamuuliza kinatoka wapi, kama hakimo sikioni. Akaniambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. Ubongo, alisema, ulizoea kupokea sauti zile za juu. Siku hizi haziji. Basi unaongeza nguvu ya kusikiliza, unaongeza, unaongeza, mpaka unaanza kusikia kutamani kwake wenyewe.

Dawa ya kuumaliza mlio hakuwa nayo, na alinionya dhidi ya yeyote atakayesema anayo. Alikuwa na kifaa kidogo cha kuweka sikioni. Kingerudisha sehemu ya sauti zilizopotea, na ubongo ukizipata ungepunguza kutafuta. Alinivika. Nikasikia karatasi mkononi mwake. Nikasikia viatu vya muuguzi kwenye korido. Nikamsikia Berthe, aliyeketi kando yangu, akimeza mate. Na kinu, jamani, kilirudi nyuma. Hakikuondoka kabisa, lakini kilirudi nyuma ya watu kama mgeni aliyeona hana nafasi.

Mngedhani nilifurahi. Nilisikia uchungu uleule wa mpira wa mwisho. Kiwanda walikikata, Kalala tulimzika, picha yangu ilitupwa na ubao wake. Kilichobaki cha kinu kile duniani kilikuwa ndani ya kichwa changu, na nimekaa pale namruhusu mtoto wa watu akizime.

Tulipofika nyumbani nilikiweka kifaa kwenye kopo la sindano za Berthe.

"Daktari alisema nivae kidogo kidogo," nikamwambia.

"Kidogo kidogo ni lini?"

"Nitaona."

Nikarudi kwenye kiti changu. Na mimi nina mbinu, kama kila mtu asiyesikia. Mtu akiniongelesha, namtazama usoni, natabasamu, nasema: "Ni muzuri." Maneno hayo mawili yanafaa karibu kila mahali. Nilianza nayo siku ya kwanza kazini, mbele ya Kalala, kwa kichwa tu. Nimeyatumia kwa mchungaji, kwa mwenye duka, kwa wajukuu. Kwa Berthe niliyatumia kutwa.

Lazima niwaambie habari ya sauti yake. Ameimba soprano katika kwaya ya kanisa letu tangu ujana. Nyumbani alikuwa na namna ya kuimba bila maneno akichekecha unga, juu kabisa, nyembamba, na chekeche ikimfuata tss, tss. Sikujua ni lini mara ya mwisho niliisikia. Haikuzimwa siku moja kama kinu, na hakuna aliyenipa fimbo. Nilidhani ameacha kuimba. Yeye alidhani nimeacha kujali. Akapunguza kuniongelesha. Kwanza alirudia maneno mara tatu, halafu mara mbili, halafu akawa anakwenda penye ua kuzungumza na Mama Ngoie. Nyumba ikatulia. Mimi, fundi wa vinu, niliyejua maana ya sauti inayozama, nilikaa kwenye kiti nikifurahia utulivu.

Dada mkubwa wa Berthe, aliyemlea baada ya mama yao kufa, aliishi Sandoa. Alasiri moja simu ililia ndani. Mimi nilikuwa mlangoni, na kinu changu. Berthe akatoka, akasimama nyuma ya bega langu, akasema kitu. Niligeuka nusu. Jua lilikuwa nyuma yake, sikuona uso.

"Ni muzuri, mama," nikasema. "Ni muzuri." Na kwa kuwa nilijisikia mkarimu, nikaongeza: "Wasalimie."

Alipita mbele yangu, akaenda moja kwa moja kwa Mama Ngoie. Baada ya muda niliona akina mama wa kanisa wakiingia lango lile na mikeka, nikadhani ni mazoezi ya kwaya. Mmoja alinipa mkono. Nikamwambia ni vizuri. Alirudisha mkono wake kama aliyegusa jiko, akaniambia sikioni, kwa nguvu, kwamba shemeji yangu amekufa.

Nilisema nitakwenda naye Sandoa. Mimi, mtu wa nyumbani, nilitoa hata sanduku. Berthe aliweka mdomo karibu na sikio langu. Hakupiga kelele.

"Bakia," akasema. "Kule batu watalia. Utawaambia ni muzuri."

Hayo yakawa maneno yake ya mwisho kabla ya safari. Alipanda gari bila neno lingine, akatazama mbele. Na hapo ndipo nilipomsikia Kalala, kwa uwazi ambao hakuna kifaa kingenipa: ikinyamaza, kimbia. Lakini gari lilikuwa limekwishaondoka.

Nilikaa siku kumi na nne na kile nilichokitaka. Kiti, ukuta, kinu. Nilikisikiliza kama nilivyofundishwa, kwa makini, nikitafuta kama kina njaa au kimeshiba. Hakina njaa. Hakishibi. Asubuhi na jioni ni kilekile, hakina habari yoyote ya kuniletea. Kinu cha kweli kilikuwa kinanijibu. Nikikipa mawe kinabadilika, nikikipa maji kinabadilika. Hiki hakinijui. Fundi yeyote angetambua tofauti kwa saa moja. Mimi ilinichukua karibu mwaka.

Berthe alirudi Jumamosi. Nilikuwa langoni, kifaa kiko sikioni. Nilimsikia akishusha mzigo, nikasikia kokoto chini ya viatu vyake. Alinitazama sikio, halafu ndara za miguuni, akasema: "Umefungua mulango na pantufle za ndani." Nilikuwa sijasikia sentensi yake nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa muda ambao naona haya kuutaja. Nilimwomba airudie, si kwa sababu sikusikia.

Ninaandika haya nimekivaa. Kinu kingali kipo nyuma kule, na siku nikichoka kinasogea mbele. Tshibanda amepata dawa za shinikizo. Mdundo umekwisha, amebaki na filimbi yake, tunakutana kuzilinganisha. Nyinyi vijana vaeni kofia zenu nzima, na sikio likivuma baada ya zamu msijisifu nalo. Simaanishi kwamba siutamani mngurumo ule. Wangeniambia leo kinawashwa, ningekwenda na pantufle. Lakini kuna sauti nyingine ninayoingoja zaidi. Berthe anachekecha unga kila siku, na chekeche naisikia sasa, tss, tss. Wimbo bado haujarudi. Ninakaa jikoni, sisemi kitu, nasikiliza.

Watu wananiuliza ni daktari gani aliyenishawishi kukitoa kifaa kwenye kopo la sindano. Hakuwa daktari. Ilikuwa ni Ijumaa, kesho yake Berthe anarudi, nami nimekaa penye ukuta kama kawaida yangu. Mama Ngoie aliniletea sahani ya bukari mpaka sebuleni, akasema maneno haya, nami nayaandika yalivyo:

"Tata Ilunga, ile broyeur walishakata-kata, walishauzisha mu mitraille. Bibi yako yee angali muzima. Vaa ile kitu mu matwi. Ao kama hautaki, unihamishie kile kiti, kitoke pa ukuta yangu, nimechoka kukuona unasikiliza kabati."